Jinsi ya Kuirembesha Doom Mpaka Ikatae Kuchezeka

Tafuta kwanza laptopu. Ukiwa Turbo, pale malori ya Malaba yanapotikisa madirisha usiku kucha, itakuwa ile ya mtumba ambayo muuzaji wa Eldoret aliapa imetoka Uingereza. Inatosha. Gemu ya Doom ilipotoka Disemba 1993 iliridhika na RAM ya megabaiti 4.

Sehemu ya kwanza, levo 9, ni ya bure, na faili lake ni dogo kiasi kwamba bando la shilingi 20 halitalisikia. Mtu mwenye akili timamu angeanza kucheza hapo hapo. Wewe sogelea ukuta uuchunguze. Umeona vile tofali limekuwa viboksi? Binamu wa Nairobi akija na hadithi zake za PlayStation, utajificha wapi?

Pakua GZDoom, programu ya kuchezesha Doom kwenye kompyuta za leo. id Software, waundaji wake, waliachilia msimbo wa Doom mwaka 1997, na tangu hapo kila aliyekosa usingizi ameongeza lake. Lakini lile toleo la bure halipokei modi, yaani nyongeza za mashabiki. Ukilazimisha, unaambiwa ujisajili. Nunua gemu nzima, ama chukua Freedoom, ambayo ni bure na haina ugomvi na mtu.

Sasa jaza modi. Brutal Doom kwa wapenda damu, kisha picha za kuta zilizokuzwa kwa akili mnemba, kisha taa. Angalia mpangilio: faili linaloingia mwisho hufunika kazi ya waliotangulia, kwa hivyo ukikuta bunduki imegeuka nyingine, usitafute mchawi. Feni ikianza kunguruma kama posho mill msimu wa mavuno, ujue taa zimekubali.

Mazimwi yakionekana yamepakwa Vaseline, hicho ni kichujio cha kulainisha picha. Kizime kwenye mipangilio, na viboksi vitarudi. Wajuzi wanasema hivyo ndivyo inavyopendeza, na wewe sasa ni mjuzi.

Ukitaka makubwa zaidi, kuna Quake II RTX ya 2019: gemu ya 1997 inayodai kadi ya michoro ya kisasa. Ongea na mzee kuhusu kuuza yule ndama.

Wakati huo mdogo wako atakuwa amelala kwenye kochi, anamaliza levo ya nane kwa simu ya mama, bila modi hata moja. Mnyang'anye hiyo simu. Kuna modi ya vivuli hujapakua, na bando lako limekwisha.