Kamati ya Mabomu

Dar es Salaam unaweza kuchangisha fedha kwa jambo lolote lile, mradi liwe na kamati, kadi na pilau. Harusi, kipaimara, sendofu, mgonjwa wa kupelekwa India: mtambo ni uleule, anayebadilika ni mlengwa tu. Kwa hiyo sisi wachache wa mtaani, walimu wastaafu na vijana wao, tulipoamua kuandaa chakula cha jioni cha kuchangia harakati za kuondoa silaha za nyuklia duniani, hatukuhangaika kubuni kitu. Tukafungua kundi la WhatsApp, tukapata mwenyekiti, katibu (ndiyo mimi) na mweka hazina, mama aliyekusanya michango ya harusi nyingi kiasi kwamba watu wakimwona kwa mbali wanavuka barabara. Fedha zilikuwa za kuchapisha vijitabu vya shule za sekondari kuhusu mkataba wa mwaka 2017 unaopiga marufuku silaha hizo. Wiki haikuisha, mtaa mzima ukatubatiza Kamati ya Mabomu.

Kupata kibali kulikuwa na kisa chake. Kijana wa steshenari aliyetuchapia barua aliona mstari umekuwa mrefu, akaufupisha kwa kuondoa neno "kuondoa". Afisa akasoma kwamba wakazi wa mtaa wake wanaomba ruhusa ya kuchangisha kwa ajili ya silaha za nyuklia. Akavua miwani.

"Katibu, mnataka kununua ngapi?"

Nikamweleza kwamba zilizopo zinatosha: dunia ina takriban 12,000, ziko mikononi mwa nchi 9, na karibu tisa kati ya kila kumi ni za Marekani na Urusi. Akasikiliza vizuri kabisa, akagonga muhuri, kisha akaongeza pembeni kwa kalamu nyekundu: "Muziki mwisho saa sita usiku." Katika yote niliyomwambia, kilichomtia wasiwasi ni spika.

Tarehe nayo ilikuwa na mantiki yake. Hiroshima ilipigwa tarehe 6 Agosti 1945, Nagasaki tarehe 9. Katikati hapo kuna Nane Nane, siku ya mapumziko, kila mtu yuko nyumbani na ana njaa. Tatizo la Nane Nane ni kwamba ni sikukuu ya wakulima, na bango letu la mlangoni lilikuwa na picha kubwa ya lile wingu la bomu. Mpambaji, kwa mapenzi yake, alilizungushia majani ya kijani. Kabla ya saa moja jioni nilikuwa nimeshawajibu akina mama kadhaa kwamba hapana, hatuuzi mbegu za uyoga, wala hatutoi semina ya kuukausha. Mmoja hakuniamini. Alikata kadi ya dabo, akaketi na daftari lake wazi, na usiku mzima aliandika.

MC wetu ni mtu wa harusi. Nilimpa karatasi ya maelezo, akaitupia jicho na kuniuliza wazazi wa pande zote mbili ni akina nani. Nikamwambia, nikidhani tunataniana, kwamba pande mbili kubwa ni Marekani na Urusi. Dakika chache baadaye nikasikia kwenye spika: "Upande wa Urusi mpooo?" Meza za kushoto zikajibu kwa vigelegele. Upande wa Marekani ukaona umezidiwa, ukasimama na kuanza kugonga sahani. Urusi wakaongeza filimbi. Mwenyekiti ilimbidi azunguke meza hadi meza kuwasihi washushe sauti, na kila upande ukamjibu kwamba waanze wale.

Kisha tukafika kwenye dakika moja ya ukimya kwa ajili ya waliokufa Japani. Upinde wa maputo ulikuwa umefungwa karibu mno na taa za mpiga video. Watu wamefumba macho, ukumbi umetulia, puto la kwanza likapasuka. Halafu la pili. Kufikia la tatu nusu ya ukumbi walikuwa wanacheka, na MC, ambaye kwake ukimya wowote ni ajali kazini, alikuwa ameshaamuru muziki.

Mama mmoja hakucheka. Alikuwa chini ya meza. Alipotoka, akijifuta wali kwenye kitenge, akasema yeye ni mkazi wa Gongo la Mboto. Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi: Februari 2011 ghala la silaha la jeshi lililipuka kule usiku, watu wakakimbia na watoto mgongoni bila kujua wanakimbilia wapi; na miaka miwili kabla ilikuwa Mbagala. Mama akaomba maikrofoni. "Yale yalikuwa madogo," akasema. "Haya makubwa nendeni mkayaondoe." Akaweka noti mezani na kurudi kumalizia pilau. Hotuba yangu ilikuwa na kurasa saba. Niliikunja.

Si wote walioshawishika. Bwana mmoja, msomi, alisimama kutukumbusha kwamba Mkataba wa Pelindaba unafanya kazi tangu 2009, Afrika ni eneo lisilo na silaha za nyuklia, sasa Mwafrika anachangia nini? Akajibiwa na fundi cherehani wetu, mzaliwa wa Lubumbashi, kwamba sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, kwao Katanga. Kama Afrika haihusiki, akauliza, mbona udongo wake ulikuwepo? Mzee mmoja akaongezea la 1984, Mwalimu Nyerere alipoungana na viongozi wa India, Sweden, Ugiriki, Mexico na Argentina kuzitaka nchi zenye mabomu zisimamishe majaribio na mashindano yao. "Sisi tulikuwa kwenye foleni ya sukari," akasema mzee, "tunanung'unika: sabuni hakuna, Mwalimu anahangaika na mabomu ya watu!" Aliposema hivyo alikuwa anacheka, lakini alichangia mara mbili.

Mchango taslimu ulilipia ukumbi, mpishi, MC na maputo. Vijitabu vyote vikabaki kwenye ahadi, na ahadi ni taaluma ya mweka hazina. Usiku ule aliniuliza, kwa ajili ya kumbukumbu zake, hao wenye mabomu wamewahi kuahidi chochote. Nikamwambia ndiyo: katika kifungu cha 6 cha mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia waliahidi kufanya mazungumzo ya nia njema ya kuziondoa. Akaomba tarehe.

Asubuhi akatuma kwenye kundi orodha yenye kichwa cha habari AHADI AMBAZO HAZIJAKAMILIKA. Ilianza na mwenyekiti, ikafuata na yule bwana wa Pelindaba, na mwishoni:

Marekani, Urusi, Uingereza – tangu 1970.
Ufaransa, China – tangu 1992.

Kijana mmoja akauliza kama China atalipa kwa simu au benki.

"Vyovyote," akajibu mweka hazina. "Ila risiti niione."