Sifa za Jasho la Pwani

Miongoni mwa vitu ambavyo waja wamevinyima heshima vinayostahili, hakuna kilichodhulumiwa kama jasho, na hasa jasho la Mkoa wa Pwani nchini Tanzania, ambalo humlaki mgeni ashukaye basi Maili Moja, Kibaha, kabla hata dereva wa bodaboda hajamfikia, wala halimwulizi kabila, cheo au nauli aliyobakiwa nayo. Wataalamu kutoka nchi za Nordic, walioendesha mradi wa elimu, afya na kilimo hapo Kibaha kuanzia mwaka 1963 hadi walipoukabidhi kwa serikali mwaka 1970, walilakiwa nalo vivyo hivyo.

Nasaba yake ni tukufu. Baba yake ni jua la kaskazi, yaani majira ya Desemba hadi Machi ambapo upepo huvuma kutoka kaskazini-mashariki, na mama yake ni Bahari ya Hindi, inayoishibisha hewa unyevu. Fiziolojia, elimu ya utendaji kazi wa mwili, hufundisha kwamba jasho humpoza mtu pale tu linapogeuka mvuke, kwa kuwa kila lita ivukizwayo huchukua takriban kilojuli 2,400 za joto. Kwa hiyo katika jangwa kavu la Arabuni jasho hutoweka kama mdeni aliyemwona mdai wake, ilhali Kibaha hubaki na mwenyewe kwa uaminifu, na hiyo ndiyo fadhila yake ya kwanza, likimteremkia mgongoni hadi kiunoni, bila kumpoza ipasavyo.

Fadhila yake ya pili ni ualimu, kwani humfunza mtu namna ya kuvaa. Mtalii afikaye Muscat kwa mara ya kwanza hustaajabu kuwaona wanaume wa Oman wamejisitiri hadi vifundoni kwa dishdasha, kanzu ndefu yenye kishada shingoni kinachotiwa manukato, naye katika kaptura na fulana ya kubana hujiona mwerevu mpaka jua la saa sita limsahihishe. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 1980 ulionyesha kwamba jangwani aliyevaa joho jeusi la Kibedui hakupata joto zaidi ya aliyevaa jeupe, kwa sababu hewa hupita ndani ya vazi pana na kuliondoa joto la ziada linalonaswa na rangi nyeusi. Wazee wa Kisarawe, humu humu Mkoa wa Pwani, hawakulingoja jarida: kanzu, msuli na kanga vilikwisha kuwafunza.

Fadhila ya tatu ni usawa, kwa maana afisa aliyekazwa na suti na tai katika kikao cha mkoa hulowa sawasawa na mchoma mkaa wa Kisarawe, tofauti ikiwa kwamba huyu hulowa kwa kufanya kazi na yule kwa kukaa.

Adui mkubwa wa jasho ni kivuli, nacho kimejificha katika misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, huko huko Kisarawe; hivyo wanaoikata misitu hiyo ili kuipatia Dar es Salaam mkaa wanastahili nishani, kwani kila mti uangukao huipanua milki ya jasho. Asiyekubaliana na sifa hizi, basi na apande mti, avae kanzu pana na aiache tai nyumbani, mradi ajue kwamba akifanya hivyo anamwasi mfalme.