Chai Imejenga, Chai Imebomoa

Yeyote anayepanga kuja kunipongeza kwa chumba chetu kipya cha vioo na alumini, naomba aje mwezi wa nne, saa tisa alasiri, aketi ndani yake mvua ikianza. Tukitoka hapo salama, nitapokea pongezi.

Chanzo ni binti yetu aliye Minnesota. Sisi Wagusii tumejaa jimbo hilo la Marekani kiasi kwamba ukipotea njia Brooklyn Park, ukauliza kwa Ekegusii, huenda ukasindikizwa mpaka mlangoni. Basi binti akatutumia picha: yeye ndani ya chumba cha vioo, kikombe mkononi, nje theluji imefika madirishani. Mama watoto akaikuza ile picha kwa vidole viwili, akakagua fremu, akakagua sakafu, akakagua hata mapazia. Nimefundisha miaka mingi, namjua mtu anayejiandaa kuuliza swali gumu.

“Baba watoto, bonasi si inatoka Oktoba?”

Kwa msiolima chai, mkulima mdogo hapa Nyamira hulipwa kidogo kila mwezi kwa kilo alizopeleka kituoni, kisha salio huja mara moja kwa mwaka. Hiyo ndiyo bonasi. Kabla haijaingia huwa ina wenyewe: karo, mbolea, michango ya harusi na ya matanga. Tena sisi wa magharibi ya Bonde la Ufa tumezoea bonasi nyembamba kuliko ya wenzetu wa Mlima Kenya, na kila Oktoba tunanung’unika mpaka Krismasi. Safari hii sikupewa hata nafasi ya kunung’unika. Pesa zilipita kwangu zikisalimia tu, zikaenda kwa fundi wa alumini.

Fundi huyu haji na jembe wala mwiko. Anakuja na futi ya chuma, penseli sikioni na simu iliyojaa picha za majumba ya Nairobi. Alipima ukuta wa mbele, akapiga hesabu kwenye kiganja, akanitazama kwa huruma. “Mwalimu, hii ni kazi ya wiki moja.” Wiki ya fundi ina siku zake, na Jumatatu haimo. Ukimpigia simu anasema, “Niko hapa Kebirigo mwalimu, weka maji ya chai motoni,” na nyuma yake unawasikia makanga wa Kisii wakiita abiria wa Migori.

Chumba kilipokamilika, fundi alikigonga kwa kifundo cha kidole na kutangaza kwamba alumini haishiki kutu. Hapo hakudanganya. Alichonyamazia ni kwamba alumini ikipata joto hurefuka, tena zaidi ya mara mbili ya kioo kilichoketi ndani yake. Mhimili wa mita nne, joto lake likipanda nyuzi 30, huongezeka karibu milimita tatu. Sasa fikiria siku ya kawaida hapa kwetu. Saa sita jua limesimama utosini, alumini inajinyoosha. Saa tisa upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria umepanda milima, wingu limejifunga, maji baridi yanamwagika, alumini inajikunja kwa ghafla. Anayevutwa huku na huku kati ya alumini na kioo ni silikoni, ambayo ilipakwa jioni, haraka haraka, mpakaji akiwahi matatu ya mwisho. Silikoni ikaachia. Tone la kwanza lilitua kwenye mkono wa kochi. La pili lilinitua mimi.

Fundi akiitwa, anakuja na dawa moja tu: silikoni juu ya silikoni. Ile pembe inayopakana na mabati ya nyumba imeshapakwa mara nyingi hata imefanya nundu. Maji yanafika kwenye nundu, yanaizunguka kwa adabu, yanaendelea na safari.

Mvua isipokuwepo, kuna jua. Kioo hupitisha mwanga wa jua bila kinyongo, lakini mwanga ukishapasha sakafu na viti, lile joto linalorudi juu linakuta mlango umefungwa. Wazungu walilijua hili zamani na waliligharimia. Kule Kew, London, walimaliza mwaka 1848 kujenga jumba kubwa la chuma na vioo ili minazi na mimea mingine ya nchi za joto isife kwa baridi. Walikuwa na shida, wakatafuta dawa. Mimi migomba yangu iko nje, inazaa bila kuomba msaada, na ikweta iko hapo juu kidogo tu, mwendo wa matatu. Ukiingia katika kile chumba saa saba mchana na gazeti, kabla hujafika ukurasa wa michezo umeshaiva kama ndizi iliyofukiwa.

Halafu kuna suala la faragha, ambalo watu wa Minnesota hawalijui kwa sababu jirani yao wa karibu yuko ng’ambo ya theluji. Huku kwetu vilima vimejaa boma kwa boma, na njia ya kwenda kituo cha majani chai inapita chini ya ua wangu. Zamani nilikula ugali wangu na chinsaga nyuma ya ukuta, kwa amani. Siku hizi kijiji kizima kinajua nilichokula na nimerudia mara ngapi. Wapita njia wananisalimu tonge likiwa njiani kuelekea kinywani, na desturi haikuachii nafasi: aliyekuona unakula lazima umkaribishe, naye si mtu wa kukataa. Kijana mmoja wa boda boda aliingia moja kwa moja akauliza kama mandazi bado yapo. Mwingine alitaka kutoa elfu mbili kwa M-Pesa, na nilipomwambia hapa ni nyumbani kwa watu, alitazama vioo, akanitazama, akauliza ajenti atarudi saa ngapi.

Jogoo wetu naye amemwona jogoo mwingine ndani ya kioo. Kila kukicha anashuka kutoka kwenye mparachichi, anatanua shingo, anarudi nyuma hatua chache kama bondia wa kweli, kisha anakirukia kile kioo cha chini kushoto. Anapiga mdomo, anapiga kucha, anapumzika, anaanza raundi nyingine. Yule wa ndani hachoki wala hakimbii. Kioo kimejaa michirizi na matope hadi urefu wa goti, na anayeambiwa asugue ni mimi, kwa kuwa nimestaafu na “sina kazi.”

Yote hayo ningeyameza. Lakini mvua ya mawe sikuimeza.

Majirani zetu wa Kericho wanatajwa katika vitabu miongoni mwa watu wanaopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Idadi inayotajwa ni siku 132 kwa mwaka. Nasi wa Nyamira hatuachwi nyuma sana. Mwaka 1982 watafiti wawili, Russell Schnell na Suan Tan-Schnell, walichapisha maelezo ambayo kila mwenye kioo cha juu anapaswa kuyasikia akiwa ameketi. Waligundua kwamba takataka za majani zinazooza chini ya michai ya Kenya zina chembechembe ambazo maji huzishika na kuganda upesi. Wakadokeza kwamba wachumaji wakipita kati ya mistari, miguu yao hutimua vumbi hilo, hewa ya joto hulipandisha hadi mawinguni, na huko kila chembe huweza kuwa mbegu ya jiwe la barafu.

Ona basi njama yenyewe. Majani yangu chai yananipa bonasi. Bonasi inanunua kioo. Yaliyobaki chini ya michai, ambayo mimi mwenyewe nimewalipa watu wayakanyage, yanapanda juu, yanageuka mawe, yanarudi kukitafuta kioo kwa anwani kamili. Mabati ya jirani yalipiga kelele tu, hayakutoboka. Mabati yangu vilevile. Vioo vyangu vya juu vikashuka kimoja baada ya kingine, na fundi alipokuja kutazama akasema nilipaswa kuweka kioo kilichokazwa kwa moto. Neno hilo halikuwahi kutajwa siku ya kupokea malipo ya kwanza.

Tukaziba paa kwa plastiki nzito inayopitisha mwanga, na hapo ndipo mama yangu mzazi alipokitembelea. Mwaka mzima kilio chake ni kimoja: mahindi hayakauki, maana mvua ya huku haitoi likizo, na mahindi mabichi ghalani huota kuvu yenye sumu. Mnunuzi wa maana anataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Mama aliingia, akashika sakafu kwa kiganja, akatoka bila kusema neno. Alirudi na gunia.

Chumba kikavu kisichoingiza kuku! Habari ilipanda mlima na kushuka upande wa pili. Sasa sakafu ni mahindi ukuta hadi ukuta, yangu na ya watu nisiowajua, na kochi limehamishiwa kwenye banda la ng’ombe. Mama watoto anatoza kwa debe, hesabu anayo yeye, na nikiuliza naambiwa ni mambo ya chama. Binti amepiga simu kwamba Desemba anakuja na wenzake wa Minnesota, watakunywa chai humo wakitazama vilima. Hakuna aliyemjibu.

Mama mzazi naye anasema kimoja hakitoshi, wimbi halichanganywi na mahindi. Ameshaongea na fundi. Fundi yuko hapo Kebirigo, anakuja.