Barua ya wazi kwa mawaziri wa usafiri wa anga wa Afrika

YAH: SHUKRANI KWA KUNIRUDISHA DAR ES SALAAM KUPITIA ISTANBUL

Waheshimiwa Mawaziri,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nilikuwa Dakar kwenye kongamano la kimataifa kuhusu umoja wa Afrika. Tulikula vizuri, tukapiga picha ya pamoja, tukapitisha maazimio. Ikabaki kurudi nyumbani. Senegali iko magharibi, Tanzania iko mashariki. Mtoto wa darasa la nne mwenye rula angemaliza kazi kwa mstari mmoja. Wakala wa tiketi hakuwa na rula. Ndege ya kupitia Addis Ababa ilikuwa imejaa, basi nikapandishwa kaskazini, nikavuka Sahara, nikavuka Mediterania, nikashushwa Uturuki, kisha nikateremshwa tena kusini juu ya bahari ile ile na jangwa lile lile.

Silalamiki. Afrika niliyoitafuta Dakar niliikuta Istanbul, kwenye ukumbi wa kusubiria ndege. Mghana anakwenda Kampala, Mmali anakwenda Nairobi. Wajumbe ambao kongamanoni walikaa makundi makundi, Wafaransa wa kwetu huku na Waingereza wa kwetu kule, sasa walikuwa wakigombea soketi moja na kuazimana chaja. Sijapata kuona azimio likitekelezwa kwa kasi hiyo.

Jitihada zenu tunazijua. Mwaka 1999 mlikutana Yamoussoukro mkakubaliana kufungua anga. Januari 2018 nchi 23 zikazindua, Addis Ababa, Soko la Pamoja la Usafiri wa Anga Afrika, yaani kufungua anga lile lile. Limefunguliwa mara mbili, na bado ndege ya jirani ikibisha hodi huulizwa kwanza imekuja kumnyang'anya abiria nani. Naelewa. Shirika la taifa lenye ndege mbili, moja ikiwa karakana, lazima lilindwe kwa wivu wote.

Tena kuna pasipoti ya Afrika. Ilizinduliwa Kigali Julai 2016, na wa kwanza kukabidhiwa walikuwa Idriss Déby na Paul Kagame, marais wawili ambao sidhani kama foleni ya viza iliwahi kuwachosha miguu. Sisi wengine tukaambiwa tuvute subira. Mwaka 2024, Kigali hiyo hiyo, Aliko Dangote, tajiri wa kwanza barani, alilalamika kwamba kwa pasipoti yake ya Nigeria anahitaji viza 35 ili azunguke Afrika. Nilipomsimulia hayo mjumbe wa Kinshasa, alicheka mpaka akakohoa. Yeye hata kukaa tu kwenye kiti cha uwanja wa ndege wa Paris, akingoja ndege nyingine bila kutoka nje, lazima awe na viza.

Kwa hiyo naomba kongamano lijalo la kufungua anga mlifanyie hapo hapo Istanbul, ukumbini. Posho ya safari hamtahitaji kutulipa, tutakuwa tunapita. Kutafuta ukumbi, kukodi mabasi, kualika nchi moja moja, yote hayo yamekwisha kufanyika bila kikao hata kimoja cha maandalizi.

Ila msikubali kupelekwa kwenye chumba cha wageni mashuhuri, mtakosa akidi. Ulizeni soketi iliko.

Wenu mtiifu,
Abiria