Injini Hainywi Maji

Sisi watu wa Boyoma, yaani Kisangani, tuna zoea moja linaloniuma roho. Pita asubuhi yoyote mahali teksi zinapojipanga pale Makiso, umtazame shofere anavyoanza siku. Anafungua boneti, anachukua bidoni la njano, anamimina maji kwenye rejeta mpaka yafurike, anafunga, anaita abiria. Saa sita mchana anarudia. Kabla ya kwenda kulala anarudia. Ukimuuliza kuna nini, atakujibu huku anapangusa mikono: "Papa, gari hili linakunywa maji." Na wote waliosimama pale wanaitikia kwa kichwa, mambo yamekwisha.

Mssss! Hayajakwisha hata kidogo. Petroli inachomwa, sawa. Oili nayo injini iliyochoka inaweza kuiunguza kidogo kidogo. Lakini maji ya kupozea kazi yake ni kuzunguka tu: yanatoka kwenye injini yakiwa moto, yanapita kwenye rejeta, yanapoa, pampu inayarudisha. Njia yote hiyo imefungwa. Ukijaza leo na kila kitu ni kizima, mwezi ujao utayakuta palepale. Yakipungua, yametoka. Ama yamevuja nje, ama yameingia ndani ya injini, na njia ya tatu haipo. Anayeongeza kila siku bila kuuliza yamepita wapi anaendesha gari lenye ugonjwa, halafu siku likizimika njiani anasema ni uchawi wa jirani.

Nina uchungu na jambo hili kwa sababu nimeona watu wakipoteza mali. Hapa Mangobo kulikuwa na mama mmoja mwenye Hiace ya kubeba bidhaa. Maji yalikuwa yanashuka kila siku, si mengi. Akaipeleka kwa vijana wa garaji. Hawakupima kitu. Mmoja alichungulia tu, akatoa hukumu: "Mama, jointi ya kilasi imeungua." Kilasi, kile kichwa cha injini, kikafunguliwa, kikapelekwa kusawazishwa uso, jointi mpya ikanunuliwa, gari likalala muda mrefu na biashara ikalala nalo. Liliporudi barabarani maji yakaendelea kushuka vilevile. Kosa lilikuwa kwenye mpira mwembamba unaotoka shingoni mwa rejeta kwenda kwenye chupa ya akiba. Ulikuwa umepasuka. Mpira ambao bei yake haifiki sahani moja ya lituma!

Hebu tuelewane kuhusu mpira huo, maana wengi wanaudharau. Maji yakipata moto yanapanuka, na ziada inapita humo kwenda kwenye chupa. Usiku gari likipoa, rejeta inayavuta yarudi. Mpira ukiwa na ufa, rejeta inavuta hewa badala ya maji, na asubuhi shofere anakuta pamepungua. Tena wapo waliotupa chupa ya asili na kufunga kwa waya chupa ya maji ya kunywa. Hilo si baya, ila mdomo wa mpira lazima uzame chini kabisa ndani ya maji. Ukining'inia juu, unavuta hewa tu.

Vijana wetu siwatukani. Wengi wamejifunzia ufundi kwenye pikipiki, na pikipiki zinazobeba watu mjini hapa nyingi zinapozwa na upepo, hazina rejeta wala pampu ya maji. Kijana anazijua zile mpaka boliti ya mwisho. Lakini ukimwekea Prado au lori mbele yake, ugonjwa wa maji kwake ni jina moja tu: jointi ya kilasi. Hakuna aliyemfundisha kuanza na vitu vidogo.

Na kitu kidogo cha kwanza ni kifuniko cha rejeta. Kitazame kwa juu: kwenye magari mengi ya Kijapani kimeandikwa 0.9 au 1.1. Hiyo ni nguvu ya msukumo ambayo kifuniko kinatakiwa kuizuia kabla hakijaachia. Mji wetu uko kama mita 400 juu ya bahari, kwa hiyo maji kwenye sufuria iliyo wazi yanachemka karibu digrii 99. Chini ya kifuniko kizima cha 1.1, maji hayohayo hayachemki mpaka yafike kama digrii 120. Sasa fikiria lori linalojikokota gia ya kwanza kwenye tope, injini imepita digrii 100. Kifuniko kikiwa kizima, hakuna kinachotokea. Kikiwa na raba iliyokauka au springi iliyolegea, maji yanachemka, yanafukuzwa nje, yanamwagika barabarani, na shofere anaapa kwamba injini imekufa. Tena kifuniko kina vali mbili: ile kubwa ya kuzuia msukumo, na ndogo katikati ya kuruhusu maji yarudi. Ukikuta asubuhi mpira wa juu wa rejeta umenywea, pande mbili zimebanana, usikimbilie kununua mpira. Tazama vali ile ndogo. Huenda imeganda, au njia ya kwenda kwenye chupa imeziba.

Onyo, na hapa sitanii na mtu: kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa moto. Mara kinapoachia, maji yaliyozuiwa yanageuka mvuke palepale na kuruka usoni. Subiri mpaka uweze kushika mpira wa juu kwa mkono bila kuungua. Abiria wakipiga kelele, wapige.

Uvujaji wa nje unatafutwa alfajiri, gari likiwa baridi. Tandika boksi chini usiku, asubuhi soma doa limeanguka upande gani. Pitisha kidole chini ya kila kibanio cha mpira. Chungulia pampu ya maji: kwa chini ina tundu dogo ambalo watengenezaji waliliacha makusudi, ili sili ya ndani ikichoka maji yatokee hapo na kukuonya. Kuna watu wanaliziba tundu hilo kwa gundi! Wanaziba mdomo wa shahidi, na maji yanageukia beringi ya pampu. Tazama pia pale plastiki ya rejeta inapokutana na alumini, maana pale panafunguka kwa joto na kujifunga kwa baridi. Kuna uvujaji unaotokea gari likiwa moto tu, tone linaangukia chuma chenye moto na kukauka kabla halijafika chini. Ndiyo maana mtu anaapa, "Chini hakuna hata tone!" na anasema kweli.

Sehemu nyingine inayosahaulika ni kapeti ya mbele. Ndani ya dashibodi kuna kirejeta kidogo cha kupasha joto, kitu ambacho hapa Kisangani hakuna anayekikumbuka kwa sababu nani anahitaji joto? Lakini maji ya injini yanaweza kupita humo kila siku, na kikitoboka yanalowesha kapeti, tunasingizia mvua. Kioo kikifanya ukungu wenye harufu tamu, jua ni hicho. Kinyume chake, gari lenye kiyoyozi likidondosha maji chini likiwa limesimama, hilo ni jambo la kawaida, hewa yetu imejaa unyevu.

Utatofautishaje? Kwa rangi na utelezi. Na hapa ndipo ninapogombana na kijiwe kizima. Kila nikisema tutumie kulanti, mtu ananijibu: "Hiyo ni dawa ya barafu ya Wazungu. Sisi tuko ikweta." Ni kweli, ikweta iko kusini kwetu, haifiki hata kilomita 60. Barafu hatutaiona. Lakini kuzuia barafu ni kazi moja tu ya kulanti. Inapandisha kiwango cha kuchemka: mchanganyiko wa nusu kwa nusu, hata bila kifuniko, unachemka kama digrii 106. Ina dawa inayozuia kutu isile chuma na alumini. Maji matupu, yawe ya bomba la Regideso, ya kisima au ya mto, dawa hiyo hayana, na kutu inayojikusanya ndani ndiyo inayoziba vimirija vya rejeta. Tena kulanti inaacha alama. Pinki, kijani au bluu, popote inapovuja inakauka na kubaki ganda la rangi, na fundi anafuata alama hiyo mpaka kwenye tundu. Maji matupu yanakauka na kwenda zake. Gari la maji matupu ni gumu kulipima, lile la kulanti linajieleza lenyewe. Ila wakati wa kununua, rangi peke yake haitoshi: nunua kwa muuzaji unayemwamini, na usichanganye aina mbili kwa kubahatisha. Na iweke mbali na watoto, mbuzi na mbwa: ina utamu, na ni sumu inayoua figo.

Ikiwa macho hayajaona kitu, kuna kifaa. Ni pampu ya mkono yenye geji, inafungwa mahali pa kifuniko, injini ikiwa baridi. Unapampu mpaka namba ileile iliyoandikwa kwenye kifuniko, usizidishe, kisha unasubiri kama robo saa. Mshale ukibaki palepale, pazima. Ukishuka, pana tundu, na mara nyingi utalisikia au kuliona likitoa machozi. Kifaa kimoja kingehudumia garaji za mtaa mzima kwa miaka. Lakini sisi tunafanya nini? Tunanunua jointi za kilasi tusizohitaji.

Sasa uvujaji wa ndani, maana upo kweli na ukiwepo unaua. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, jaza mpaka juu, washa, simama kando. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyokwama, yataisha. Yakiendelea, na ukikanyaga mafuta yakaongezeka, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Dalili nyingine: gari limelala usiku kucha, asubuhi mpira wa juu bado umevimba na kifuniko kinatoa pumzi. Au mpira unakuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha, kabla maji hayajapata moto. Au plagi moja imetoka safi kuliko wenzake, imeoshwa. Au moshi mweupe wenye harufu tamu usiokoma hata injini ikipata moto. Oili ikigeuka rangi ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia, zima, usiwashe tena. Utando mdogo mweupe chini ya kifuniko cha oili pekee usikutishe; kwa unyevu wetu na safari fupi za Makiso kwenda Kabondo, hutokea. Na ipo dawa ya bluu ya majaribio: hewa ya shingo ya rejeta inapitishwa humo, na gesi ya silinda ikiwepo, bluu inageuka njano. Hapo ndipo kilasi kifunguliwe, si kabla.

Kuna mambo mengine nayataja haraka kwa sababu yananichosha. Yai bichi kwenye rejeta: linaziba tundu kwa siku moja na linaziba vimirija kwa maisha. Kung'oa themostati: injini haifiki joto lake, mafuta yanaliwa zaidi; lakini kwenye injini nyingi za Toyota maji yanapata njia ya mkato bila kupita rejeta, gari linachemka kuliko mwanzo. Kumwaga maji baridi kwenye injini iliyochemka: kilasi cha alumini kinaweza kupasuka. Na kuamini mshale wa dashibodi pekee: maji yakiisha kabisa, kile kipimajoto kinabaki hewani, na mshale unaweza hata kushuka wakati injini inaungua.

Barabara ya Ituri haisamehe uzembe huu. Ukitoka hapa kwenda Bafwasende na mbele mpaka Nia-Nia, ni msitu. Tope linaganda kwenye mapezi ya rejeta, mbegu za majani zinajaa, upepo haupiti. Ukivuka dimbwi refu kwa kasi, panga za feni zinaweza kujipinda na kuichana rejeta. Osha rejeta kwa maji ya taratibu kutoka upande wa injini kwenda mbele kila unaporudi. Na shofere aliye kwenye foleni ya bak, ile pantoni ya kwenda Lubunga, ana kipimo cha bure: gari likichemka limesimama lakini likitulia likikimbia, akague kwanza feni. Likichemka mbio na kutulia likisimama, rejeta imeziba au maji yamepungua.

Kwa hiyo nawaomba, wenye magari na mashofere wa mji huu. Fundi akikwambia kilasi kimekwenda, mwambie akuonyeshe kwanza: kifuniko kimepimwa, mpira wa chupa umekaguliwa, mapovu umeyaona kwa macho yako. Asipotaka kupima, chukua ufunguo wako. Na ninyi mafundi, changeni mtaa kwa mtaa, mnunue pampu moja ya geji.