Itifaki Imezingatiwa

Kikao cha ukoo kilipoamua kwamba mimi ndiye nitakayesema kwa niaba ya familia kwenye sendofu ya mpwa wangu, mimi sikuwepo. Nilikuwa uani nachuna mbuzi. Nilirudi na damu mpaka viwikoni nikakuta shangazi ananipongeza.

"Wewe ndiye uliyesoma, baba."

Kusoma kwenyewe ni kidato cha nne, na katika midahalo yote ya shule nilisimama mara moja tu, kumwomba mwenyekiti ruhusa ya kwenda chooni. Mwaka 2019, kwenye Nane Nane ya kitaifa pale Nyakabindi, mtangazaji alinisogezea maiki aniulize habari za alizeti niliyokuwa nimebeba. Nilimwachia alizeti.

Kinachoniudhi ni kwamba sijui aibu hii nimeirithi kwa nani. Babu yangu alikuwa ningi wa Wagalu, yaani mtunzi na mwimbishaji wa ngoma. Tangu Ngika na Gumha, waasisi wa Wagika na Wagalu, washindane enzi hizo, Usukumani mcheza ngoma ni Mgika au ni Mgalu, na mavuno yakishaingia pande mbili hutiwa uwanja mmoja zicheze kwa wakati mmoja. Hakuna jaji mwenye kalamu. Watazamaji wenyewe ndio jaji: wanahamia kule kunakonoga, na ningi aliyekimbiwa anabaki na ngoma zake na vumbi. Ndiyo maana wazee walikuwa wakitumia samba, dawa ya kuvuta watu. Wengine waliingia uwanjani na chatu kabisa. Mtu ambaye ameshakimbiwa na uwanja mzima, akasimama tena msimu uliofuata, utamtisha na kitu gani?

Siku hizi kazi ya kusema imehamia kwa wenye suti. Tulipokuwa chini ya Shinyanga, naamini wageni rasmi wengi walichokea njiani. Tangu Simiyu iwe mkoa mwaka 2012, tuna wilaya tano, kila moja na mkuu wake, na hotuba zimezaana kama kwekwe. Nenda mkutano wowote kusikiliza bei ya pamba. Utaipata saa tisa alasiri, baada ya meza kuu kutambulishana, kila mmoja akitangaza kwamba itifaki imezingatiwa, halafu anaizingatia upya kwa dakika ishirini.

Basi ushauri ukaanza kumiminika. Mke wangu, Mama Kulwa, alitaka nijizoeze mbele ya kioo. Kioo chetu ni cha pikipiki, kwa hiyo wiki nzima nilikuwa nalihutubia jicho langu la kushoto. Jirani akasema niwaone watu wote kama mashina ya pamba. Nikamwambia pamba haicheki. Mjomba alipendekeza kichupa kidogo cha kutoa baridi, ila mjomba mwenyewe tangu harusi ya kaka haruhusiwi kukaribia maiki.

Siku ikafika. Mshereheshaji alinikaribisha kwa sifa za mtu mwingine kabisa. Nilisimama, karatasi ikitetemeka hadi kwenye maiki ikasikika kama mvua ya bati. Mdomo ulikauka kana kwamba nimetafuna pakiti ya chaki za Maswa. Nikasalimu, "Mwadila!" Ukumbi ukaitikia, "Mwadila!" Baada ya hapo akiba ilikuwa imeisha.

Nikiwa natafuta neno, nikainua macho. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Ukumbi mzima, wakwe kwa wenyeji, ulikuwa umekaza macho kwenye kona ambako vijana walikuwa wanafunua masufuria ya pilau. Na hakuna aliyeweza kuondoka, maana mlango mmoja ulizibwa na meza ya chakula na wa pili na spika. Hapo magoti yakatulia yenyewe. Kumbe ndivyo wanavyofanya hawa wakubwa! Babu alishindania kila sikio uwanjani. Mimi nilikabidhiwa mia mbili, yamefungiwa ndani, yana njaa.

Nikaikunja karatasi. Nikawasalimu wakwe, kijiji kwa kijiji. Nikaeleza ukoo wetu ulivyovuka Mto Simiyu, na ng'ombe waliovuka nao, kwa rangi zao. Bibi harusi mtarajiwa alikaa, akasimama, akakaa tena. Nikagusia bei ya mbolea. Mjomba akawa wa kwanza kupiga makofi usiku ule, akidhani nimemaliza. Nikamshukuru kwa kunitia moyo nikaendelea. Mwisho nadhani fundi mitambo alichomoa waya, kwa sababu niliendelea kwa sauti yangu kama dakika kumi hivi, na sauti, ashukuriwe babu, ninayo.

Jumamosi ijayo kuna kipaimara Itilima. Nimeshaandika kurasa saba. Shangazi amenipigia simu asubuhi hii, akanisalimia vizuri, akauliza watoto, akauliza mifugo. Kisha akasema kikao kimekaa na kimeamua mimi nitachinja mbuzi.