Muulize Shangazi Makaa

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mchoma mishikaki hapa Ruhwa, Rwanda, mpakani na Burundi. Burundi ilipofunga mpaka huo Januari 2024, wateja wa Cibitoke walikatika, nikapata muda wa kujaribu baga. Nilikanda nyama ya kusaga kwa chumvi, vitunguu na mayai hadi ikashikana. Motoni ikajikunja kama mpira. Shemeji akauliza kama nimeinunua Cimerwa, kiwanda cha saruji.
Mkandaji

Marahaba, mwanangu. Shemeji yako kaionea Cimerwa: saruji yao huanza ikiwa laini. Chumvi ikikandwa ndani ya nyama iliyosagwa huyeyusha protini, nazo hunatana kama gundi. Ndivyo soseji inavyotengenezwa. Wewe finyanga kama aliyeshika kifaranga, acha kishimo katikati maana kingo hujikaza motoni na katikati hufura, kisha nyunyiza chumvi juu makaa yakiwa tayari. Mayai mrudishie kuku.

Shangazi, mume wangu huibonyeza baga kwa mwiko ili ilie chwaaa. Wageni hushangilia, halafu tunatafuna makapi.
Mke wa Chwaaa, Bugarama

Pole, mwanangu. Hiyo chwaaa ni utamu wenu unaomwagikia makaa, na moshi unaofuata ndio unaoipaka nyama masizi. Mwambie arundike makaa upande mmoja wa jiko: baga ipate rangi hapo, kisha ihamie upande wa pili iive taratibu. Akigoma, mpe ndizi amenye. Tena Bugarama ndilo bonde la chini kabisa Rwanda, na joto lake mnalijua. Anayelinda jiko pale saa saba mchana ana haja ya maji kuliko mwiko.

Shangazi, huku mnyama wetu ni mbuzi. Anafaa? Na mpwa wangu anasema baga huliwa nyekundu katikati, kama wafanyavyo wazungu.
Mjomba

Anafaa, ila hana mafuta mengi. Kila mafungu manne ya nyama, changanya fungu moja la mafuta ya ng'ombe. Kuhusu wekundu: vijidudu vya mnofu mzima hukaa nje, moto huwamaliza. Ukisaga, wa nje wanahamia ndani. Kipimajoto kikisoma nyuzi 71 katikati, pakua. Huna? Pasua moja utazame, ingawa rangi hudanganya. Ikiwa bado nyekundu, zilizobaki zirudi jikoni, na mpwa umpe mkate mtupu akasome tena.